Ufunguo wa choo usikae kwa bosi

Nimesoma makala inayosema afisi kubwa za Nairobi hufunga vyoo ili visichafuliwe. Mimi nimefanya usafi miaka minne katika jengo la ghorofa 12. Vyoo vyote nilivisugua mimi, lakini haja ikinibana natumwa chini, kile cha kwenye maegesho, mimi na askari wa getini. Hakina maji, hakina komeo. Mlango tunauzuia kwa ndoo. Wenzangu waliacha kunywa chochote asubuhi, wawili wakaugua njia ya mkojo. Jamani, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka vyoo vya kutosha na safi kwa walioajiriwa, si kwa wenye kadi za kufungulia milango tu. Wakaguzi wakija waanzie maegesho, wasiishie mapokezi.