Ugumu wa mbwa si ukali

Wanaofunza mbwa wa kazi wana ubishi usiokwisha. Kuna wanaosema mbwa asiye mgumu hafai kulinda, na kuna wanaosema ugumu umesifiwa mno hadi watu wamebaki na mbwa wasioshikika. Kila upande una hoja, ila neno moja limebebeshwa mambo matatu.

Ugumu ni kuumia au kutishwa na kurudi kazini bila kinyongo. Mbwa kateleza kwenye ngazi, kagonga kidevu, na papo hapo anapanda tena: huyo mgumu. Aliye laini ataikwepa ngazi ile wiki nzima. Uimara wa neva ni kubaki na akili zake mambo yakigeuka ghafla. Ukali nao ni wepesi wa kujibu kwa meno. Cha kuogopwa ni ukali mwingi juu ya neva dhaifu. Mbwa huyo hang'ati kwa ushujaa. Anang'ata kwa kuwa haoni pa kukimbilia, na hatachagua kati ya mwizi na mtoto aliyemshtua.

Utamjuaje? Kamba ilegee, kisha mtu mwingine aangushe bakuli la chuma sakafuni, mita 3 nyuma ya mbwa. Kushtuka si kosa, hata kuruka pembeni. Tazama kinachofuata: mwenye neva nzuri hugeuka, masikio mbele, na baada ya sekunde chache huenda kulinusa. Rudia mara moja. Mshtuko wa pili upungue. Ukizidi, mkia ukabanwa tumboni na akakataa hata chakula akipendacho, acha, jibu umelipata. Usimbembeleze wala usimvute, la sivyo unapima mkono wako. Na anayegomea ngazi akaguliwe nyonga kwanza, maana maumivu hufanana sana na woga.

Mng'ato nao husema. Mdomo uliojaa hadi magego na kutulia ni dalili njema. Anayeshika kwa meno ya mbele, akiachia na kushika upya, huenda amelemewa, ingawa mafunzo mabovu huzaa hali hiyohiyo. Mashindano ya IGP, yaani mtihani wa kimataifa wa mbwa wa kazi, huweka risasi baridi na shinikizo la fimbo laini ili haya yaonekane, lakini mbwa aliyezoea uwanja na kinga ya mkono anayoing'ata anaweza kupita kwa mazoea tu. Mpime ugenini.

Watetezi wa ugumu wako sahihi kwamba mbwa wa doria atapigwa mateke, na kwamba mbwa laini huharibiwa na kosa moja la mwalimu mwenye pupa. Ila mgumu hupuuza kamba, mwalimu huongeza nguvu, mbwa naye hukaza zaidi. Mafunzo yanageuka mieleka. Kwa maoni yangu, neva kwanza. Laini mwenye neva imara hufanya kazi nzuri ya kunusa au kuongoza asiyeona, na kumrekebisha ni kwa sauti tu. Mgumu mwenye neva mbovu sioni wa kumpa.

Neva kwa sehemu hurithiwa, lakini malezi ya wiki ya 3 hadi ya 12 yana uzito wake, na mtoto wa mbwa aliyefungiwa bandani muda huo huonekana dhaifu hata kama damu yake ni njema. Huyo, akitembezwa kwa upole mahali tofauti, kila siku hushtuka kidogo kuliko jana, hata kwa vitu vipya. Aliyerithi udhaifu huzoea kitu kimoja kimoja. Kikija kingine, anaanza upya.