Ribosomu kuingilia katikati: IRES za seli zina ushahidi wa kutosha?

Kwa kawaida ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, huianza mRNA (nakala ya jeni inayosomwa) kichwani. Protini ya kuanzisha usomaji, eIF4E, hushika kofia (kifuniko cha kemikali kilicho kichwani mwa mRNA), eIF4G huiunganisha eIF4E na eIF3 iliyokwisha kukaa kwenye 40S, sehemu ndogo ya ribosomu, na eIF4A hukunjua RNA ili 40S itambae hadi kwenye AUG, alama ya kuanzia protini. Virusi vya polio haviihitaji kofia: kimeng'enya chao 2A hukata eIF4G, uzalishaji wa protini za seli huzimika, ilhali RNA yao huendelea kusomwa kupitia IRES, lango la ndani ya RNA ambamo ribosomu huingilia bila kofia. Hilo lilionyeshwa mwaka 1988, na ubishi wake umekwisha.

Ubishi umebaki kwenye mRNA za seli yenyewe. Wanaoamini zina IRES wana hoja nzito: seli inapojiua, kimeng'enya kaspasi-3 hukata eIF4G, lakini protini kadhaa bado hutengenezwa.

Hoja ni nzuri. Kipimo ndicho kinachotia shaka. Plasmidi (DNA ya duara inayoingizwa kwenye seli) hubeba jeni mbili za lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga: ya Renilla, mnyama wa baharini, mbele, na ya kimulimuli nyuma, huku kipande kinachochunguzwa kikiwa katikati. Ya nyuma ikiwaka, husemwa ribosomu imeingilia katikati. Lakini kipande hicho kikificha promota (sehemu ya DNA inayoanzisha utengenezaji wa mRNA), au mahali pa kukatia introni (kipande ambacho seli hukikata na kukitupa), seli itatoa mRNA fupi yenye kofia, na kimulimuli kitasomwa kwa njia ya kawaida kabisa. Mwanga unaodaiwa ukiwa asilimia 2 tu ya ule wa kofia, mRNA fupi 2 katika kila 100 zinatosha kuutoa! Kipande cha mRNA ya XIAP, protini inayozuia seli kujiua, kilichosifiwa kwa miaka, mwaka 2004 kilikutwa na kasoro hiyo ya introni.

Kwa hiyo ondoa promota ya plasmidi uone kama kimulimuli kitazimika. Kisha tumia siRNA (RNA fupi inayoharibu mRNA iliyolengwa) dhidi ya Renilla: taa zote mbili lazima zishuke kwa kiwango kilekile. Ya nyuma ikibaki juu, una mRNA mbili, huna IRES.

Wapo wanaodai mRNA iliyotengenezwa nje ya seli ndiyo itumike, maana haipiti kwenye promota wala introni. Hapo watetezi wa IRES wana haki yao: RNA hiyo haijapita kwenye kiini, hivyo huenda imekosa protini za huko zinazosaidia lango kufunguka. Ikinyamaza, kesi haijaisha.

Hata hivyo, kustahimili upungufu wa eIF4E hakuthibitishi IRES. Mwaka 2016 ilionekana eIF3d, sehemu ya eIF3, yenyewe hushika kofia ya mRNA ya protini c-Jun. Ribosomu ilipita kichwani vilevile, ila protini iliyoipokea ilikuwa nyingine.