Virginia McKenna na deni la tembo Pole Pole

Filamu ya Born Free, iliyotoka mwaka 1966, inamwonyesha mwanamke wa Kiafrika akifua nguo mtoni kabla hatujamwona simba Elsa. Simba dume anamvamia na kumuua. Bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, anaitwa, anamsaka simba huyo, anampiga risasi yeye na jike lake, na watoto watatu wa jike hilo, Elsa akiwa mmoja wao, wanachukuliwa kwenda kulelewa nyumbani kwake. Kuanzia hapo hadithi ni ya Elsa na ya mama yake mlezi, Joy Adamson, aliyeigizwa na Mwingereza Virginia McKenna. Mwanamke wa mtoni hatajwi tena. Naanza naye kwa sababu sifa na lawama zote zinazoelekezwa kwa McKenna, mwigizaji ambaye aliigeuza filamu moja kuwa kazi ya maisha yake, zinakutana kwenye tukio hilo.

McKenna alizaliwa London tarehe 7 Juni 1931. Sehemu ya utoto wake, wakati wa vita, aliishi Afrika Kusini, kisha akarudi Uingereza, akasomea uigizaji na kuanzia jukwaani. Mwaka 1956 aliigiza katika A Town Like Alice, hadithi ya wanawake waliotekwa na Wajapani huko Malaya, na uigizaji huo ukampa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora wa kike wa Uingereza. Miaka miwili baadaye alimwigiza Violette Szabo, wakala wa siri aliyeuawa na Wanazi. Katika filamu zote mbili hapazi sauti kutafuta machozi ya mtazamaji. Uchungu unakaa machoni na kwenye taya, na huo kwa maoni yangu ndio ufundi wake mkubwa.

Wanaomsifu huwa hawataji filamu nyingine ya miaka hiyo, nayo inatuhusu sana. Mwaka 1955 aliigiza pamoja na Dirk Bogarde katika filamu iliyopewa jina la Kiswahili, Simba, kuhusu walowezi wa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, ambayo sehemu kubwa ya uigizaji wake ilifanyika studioni Uingereza. Ndani yake yumo daktari wa Kiafrika mwenye heshima, aliyeigizwa vizuri na Earl Cameron, lakini macho tunayotazamia ni ya mlowezi, na dhuluma ya ardhi iliyowapeleka watu msituni haipewi uzito unaostahili. Si haki kumbebesha mwigizaji aliyekuwa bado kijana mzigo wa hati ambayo hakuiandika. Hata hivyo, ukiziweka filamu hizo mbili bega kwa bega, ile ya 1955 na ile ya 1966, unaona kwamba katika ya kwanza Mkenya ni tishio, na katika ya pili yupo pembeni tu.

Kazi ya kupiga picha za Born Free ilianza Kenya mwaka 1964, bendera ya uhuru ikiwa bado mpya. Peter Lukoye alimwigiza Nuru, mtumishi aliyemtunza Elsa, na Omar Chambati alimwigiza Makkede. McKenna na mumewe, Bill Travers, aliyemwigiza George Adamson, bwana nyama halisi na mume wa Joy, walitumia muda mrefu wakitembea na simba ili wazoeane nao, kwa sababu nafasi hizo zilitaka watu wanaoweza kulala mchangani kando ya mnyama mwenye uwezo wa kuwaua. Filamu ilishinda Oscar mbili za muziki na ikaijulisha Kenya kwa mamilioni ya watu ambao hawakuwa wameisikia.

Upigaji picha ulipokwisha, simba wengi walioigiza hadithi ya simba anayerudishiwa uhuru walipelekwa kwenye bustani za wanyama. George Adamson aliruhusiwa kuwachukua watatu tu, Boy, Girl na Ugas, akawafundisha kuishi porini huko Meru. McKenna na Travers waliumizwa na jambo hilo, na hapo ndipo safari yao nyingine ilipoanza.

Lakini kilichogeuza uchungu huo kuwa kazi ni tembo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wawili hao walirudi Kenya kutengeneza filamu nyingine, wakisaidiwa na David Sheldrick, msimamizi wa hifadhi ya Tsavo Mashariki. Mmoja wa waliocheza alikuwa tembo jike wa miaka miwili hivi aliyeitwa Pole Pole, aliyekamatwa porini kwa sababu serikali ya Kenya ilikuwa imemtoa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Waliomba kumnunua ili abaki Tsavo. Jibu walilopewa ni kwamba inawezekana, ila tembo mwingine atakamatwa kushika nafasi yake. Wakakataa, na Pole Pole akapelekwa London.

Mwaka 1982 walikwenda kumtazama. Walipomwita kwa jina lake alisogea, akanyoosha mkonga hadi ukagusa mikono yao. Mwaka uliofuata ilipangwa ahamishwe. Alisimama saa nyingi ndani ya sanduku la kusafirishia, akaanguka, na alipolazwa kwa dawa ili mguu wake uchunguzwe, ikaamuliwa asiamshwe. Alikuwa na miaka 16 hivi. Mwaka 1984 McKenna na familia yake walianzisha Zoo Check, taasisi ambayo baadaye ilichukua jina la Born Free, ikipinga ufungaji wa wanyamapori katika bustani na sarakasi. Travers alifariki mwaka 1994, na McKenna akaendelea hadi kupewa hadhi ya Dame, cheo cha heshima cha Uingereza, katika orodha ya heshima ya mwaka mpya wa 2023, safari hii kwa kutetea wanyama.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Waigizaji wengi huweka sahihi kwenye barua, wakapiga picha na mnyama, wakaondoka. Huyu alikiri kwamba filamu zake zilikuwa sehemu ya tatizo, akalipa deni hilo kwa miaka 40, huku jukwaa na kamera vikimpata mara chache kuliko kipaji chake kilivyostahili. Wapo wanaosikitika kwamba sinema ya Uingereza ilimpoteza. Mimi sioni hasara hiyo kuwa kubwa kuliko faida. Sheria ya kuzuia wanyamapori katika sarakasi za Uingereza ilipitishwa mwaka 2019, na miongo ya kampeni ya watu kama yeye ilikuwa nyuma yake.

Upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Watetezi wa bustani za wanyama hutaja choroa wa Arabuni, aliyetoweka porini mwaka 1972 na kurudishwa katika jangwa la Oman miaka 10 baadaye kutokana na kundi lililozalishwa kifungoni. Mmoja wa wanyama wa mwanzo wa kundi hilo alitoka bustani ile ile ya London. Mtu anayesema kila ufungaji ni uovu anapaswa kumjibu choroa huyo. Nadhani jibu linapatikana, kwa kuwa kuzalisha spishi iliyo ukingoni ili irudi kwao ni tofauti na kumng'oa tembo mtoto Tsavo apelekwe kutazamwa na watoto wa shule, lakini inabidi litolewe kwa hoja, na machozi ya Pole Pole peke yake hayatoshi.

Lawama inayonigusa zaidi ni ya watu. Boy, yule simba wa filamu aliyepata bahati ya kuachiwa, alimuua mfanyakazi Mkenya wa Adamson huko Kora mwaka 1971, na Adamson akalazimika kumpiga risasi. Wapenzi wa simba duniani wanamjua Boy. Aliyekufa anatajwa kama ajali katika maisha ya mnyama, sawasawa na mwanamke wa mtoni. Hadithi inayompa mnyama mmoja jina, tabia na kaburi ina nguvu ya ajabu ya kufungua mifuko ya watu wa mbali, lakini anayelala karibu na simba, mwenye mbuzi na watoto, haonekani ndani yake. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu anayeuawa na mnyama, na familia nyingi zimeisubiri fedha hiyo kwa miaka.

Sidhani McKenna aliwadharau watu hao. Nadhani alirithi namna ya kusimulia ambayo ilikuwa imeshawaweka pembeni kabla hajafika, na kipaji chake kikaifanya namna hiyo ipendwe. Kosa hilo ni la sinema nzima ya Uingereza ya wakati ule, lakini yeye ndiye aliyelipatia kosa hilo uso, na kwa hiyo lawama humfikia.

Kwa haki, taasisi aliyoiacha mikononi mwa mwanawe imesogea. Huko Meru, alikozikwa Elsa, inang'oa mitego ya nyaya. Huko Amboseli inasaidia wafugaji wa Kimaasai kujenga maboma imara, yenye nguzo, wavu wa chuma na mlango unaofungwa usiku, ili simba asiingie na moran asiwe na sababu ya kumfuata kwa mkuki asubuhi. Katika kazi yote iliyotokana na jina la McKenna, maboma hayo ndiyo ninayoyathamini zaidi, kwa kuwa kabla ya kumlinda simba yanaanza na ng'ombe wa mtu.