Nyonga ya Bibi Haisubiri Kikao cha Ukoo

Hapa Dar mzee akiteleza bafuni akavunjika nyonga, kinachoanza mara nyingi ni grupu la WhatsApp, matibabu baadaye. Mmoja yuko Mwanza, mwingine Muscat, na yule mwenye uwezo hapokei simu. Huyu anasema apelekwe kwa mganga wa kuunga mifupa, yule anasema kwa umri ule asipasuliwe, atafia mezani. Wiki inakatika, Bibi kalala chali.

Mimi naona kulala huko ndiko kwa kuogopwa, kuliko kisu. Wanaofia mezani ni wachache. Wengi huondoka baadaye, kwa nimonia, moyo, damu iliyoganda mguuni ikapanda mapafuni, au vidonda vya mgongo vilivyooza. Hata katika nchi tajiri, kati ya wazee 10 waliovunjika nyonga, wawili hadi watatu hufariki ndani ya mwaka mmoja.

Simaanishi kukimbizana na dakika. Utafiti mkubwa wa mwaka 2020, wa wagonjwa karibu 3,000 katika nchi 17, ulilinganisha upasuaji wa ndani ya saa 6 hivi na wa saa 24 hivi, na vifo havikutofautiana sana. Waliowahi, hata hivyo, walichanganyikiwa akili kwa uchache na kusimama mapema zaidi. Uingereza hulenga saa 36. Sisi tunahesabu Jumapili.

Sibezi suala la hela. Chuma au kiungo bandia vina bei, na si kila mzee ana bima. Ndiyo maana kikao cha michango kifanyike siku ile ile, kwa simu, wakati mgonjwa yuko njiani kwenda hospitali. Mabingwa mjini wapo; MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ipo tangu 1996.

Kuna mambo yanayoongeza hatari ya kufa ambayo hatuyabadilishi: umri, moyo mbovu, figo, usahaulifu wa uzeeni. Wanaume nao, ingawa huvunjika nyonga kwa uchache kuliko wanawake, hufariki zaidi. Lakini upungufu wa damu na utapiamlo vinatibika, na daktari akisema tuongeze damu kwanza, huko si kuchelewesha.

Kinachonikera zaidi ni wodini, kesho yake. Mtaalamu wa viungo amekuja na fremu ya kutembelea, anataka Bibi akae kitandani, miguu ishuke, asimame kidogo. Shangazi anaweka mkono: "Jamani mwacheni apumzike, kashonwa jana." Kwa mapenzi kabisa! Halafu anamlisha uji mweupe mtupu, asubuhi na jioni, wakati mwili unaounga mfupa unataka mayai, maziwa, samaki, maharage. Shangazi apewe kazi nyingine: amtulizie maumivu kwa kumwita nesi mapema, amshike mkono akisimama.

Na kabla ya ruhusa, muulizeni daktari kuhusu dawa ya kuimarisha mifupa yenyewe, maana aliyevunjika nyonga moja yuko hatarini kuvunjika ya pili. Fundi aweke vishikio bafuni kabla Bibi hajarudi.