Mlio bila mtangazaji: je, saa ya kompyuta iitegemee setilaiti?

Wengi wetu tuliwaona wazee wakirekebisha saa zao kwa milio ya redio kabla ya taarifa ya habari. Mlio wa mwisho ndio uliokuwa saa yenyewe. Mtangazaji alifuata baadaye kutaja ni saa ngapi.

Kipokezi cha GPS, mfumo wa setilaiti zinazotangaza saa, kikifungwa kwenye kompyuta hufanya kazi hizo mbili kwa nyaya mbili. Waya mmoja hutoa pigo moja kila sekunde, na kipokezi kizuri hukosea kwa makumi ya nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) tu. Waya wa pili hupeleka maandishi ya tarehe na saa, na huyu ndiye mtangazaji, tena mchelewaji. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, kila herufi hula takriban milisekunde moja (sehemu ya elfu ya sekunde), na sentensi moja hufika herufi 80. Anayetumia maandishi bila pigo asijigambe kwamba ana setilaiti; seva ya saa ya mtandaoni huenda ikamshinda.

Pigo lina watetezi wake, na hoja yao ni nzito. NTP, itifaki ya kuulizia saa kutoka kwa seva za mtandao aliyoibuni David Mills miaka ya 1980, hupima safari ya pakiti (kifurushi kidogo cha data) kwenda kwenye seva na kurudi, kisha hudhani njia zote mbili ni sawa. Anayetumia intaneti ya simu anajua jinsi dhana hiyo ilivyo dhaifu. Pakiti ikitumia milisekunde 60 kwenda na 20 kurudi, saa itapotoka kwa milisekunde 20, na NTP haina namna ya kuligundua kosa hilo kwa seva hiyo peke yake. Pigo halipiti mtandaoni kabisa. Likiingizwa moja kwa moja kwenye pini ya kompyuta, hata Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, hufikia mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) chache. Likipitishwa kwenye USB, sehemu ya faida hiyo inapotea njiani.

Lakini nani anazihitaji mikrosekunde hizo? Gridi ya umeme inazihitaji: kwa mkondo wa hezi 50, kosa la milisekunde moja ni nyuzi 18 za pembe ya wimbi. Masoko ya hisa ya Ulaya pia, kwani tangu Januari 2018 miamala ya kasi kubwa inatakiwa iwe ndani ya mikrosekunde 100 za saa ya dunia. Duka la mtandaoni au ofisi ya uhasibu? Hapana. Hata namba za muda za kuingilia akaunti, zile zinazotolewa na programu ya simu, kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30 tu. Wengi wanaopandisha antena juu ya paa la nyumba wanafanya hivyo kwa sababu inafurahisha, na sioni ubaya.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Mawimbi yanatoka kilomita 20,200 juu na hufika yakiwa hafifu mno. Kifaa kidogo cha kuvuruga mawimbi ndani ya gari chaweza kuyafunika. Sisi wa karibu na ikweta tuna pia ionosfia, tabaka la juu la anga ambalo mawimbi hayo hupitia, inayochafuka baada ya jua kutua. Na angani kwenyewe hukosewa: tarehe 26 Januari 2016, setilaiti moja kuukuu ilipoondolewa kazini, setilaiti kadhaa zilitangaza saa yenye kosa la takriban mikrosekunde 13 kwa muda wa saa nyingi.

Tena pigo halijui jina lake: ni ya tarehe na saa gani, husema maandishi. GPS ilihesabu wiki kwa biti 10, hivyo hesabu hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, kama ilivyotokea Agosti 1999 na Aprili 2019. Oktoba 2021 hitilafu katika gpsd, programu inayosoma vipokezi vya GPS, iliweza kuirudisha tarehe hadi Machi 2002. Pigo lilikuwa palepale, sahihi kabisa. Aliyepotea ni mtangazaji.

Kwa hiyo mimi ningemnyima kipokezi kazi ya mtangazaji. Seva nne za mtandao zitaje ni sekunde ipi, maana kwa hilo hata kosa la milisekunde 100 halidhuru, na moja ikidanganya, tatu zitaikataa. Pigo libaki kunoa ukingo wa sekunde hiyo. Na kama fedha inatosha kitu kimoja zaidi, usinunue kipokezi cha pili kitakachozibwa na mvurugo uleule. Nunua kristali bora, ile inayoendesha saa ya ndani ya kompyuta: ya kawaida ikipotoka kwa sehemu 20 katika milioni, siku moja bila mawimbi wala mtandao inakula sekunde 1.7.