Baba yao Iskanda na Rufo

Wiki nzima nina hasira na hainitoki. Tulikuwa matangani kwetu Tororo, tumeshamzika mama, usiku watu wamezunguka moto, na mpwa wangu wa miaka 19 akaniuliza, mjomba, mimi nataka kuamini bibi atafufuka, ila kwenye TikTok wanasema Injili zilitungwa na watu wa Konstantino, yule kaisari wa Roma wa karne ya 4, sasa nitajuaje? Swali la mtoto aliyefiwa. Mzee mmoja wa kanisa akamkata hapohapo, ati hayo maswali ni ya shetani, nyamaza uombe. Kijana akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza, na hiyo ndiyo inaniuma mpaka saa hii.

Usiku ule ningemwambia asome Marko 15:21. Askari wanamkamata mtu anatoka zake shamba, wanamlazimisha abebe msalaba, na Marko anamtaja, Simoni Mkirene, "baba yao Iskanda na Rufo". Basi, anaendelea na habari zake, hao vijana hasemi ni nani na kwenye kitabu chake hawarudi tena. Mimi nimekulia kijijini, hii lugha naijua. Nikikuambia jana sokoni nimekutana na baba yao Opio na Odongo, ni kwa sababu wewe Opio unamjua, pengine kanisani mnakaa benchi moja, na ukitaka kuhakikisha unamwendea. Marko anaandikia watu wanaowajua wale vijana! Mathayo na Luka wanamsimulia Simoni huyohuyo lakini watoto wamewaacha, naona wasomaji wao hawakuwafahamu. Halafu Paulo kwenye Warumi 16:13 anamsalimia Rufo na mama yake. Sawa, Rufo walikuwa wengi, siwezi kuapa ni yuleyule. Lakini hata huyo wa Warumi ukimtoa, wa Marko anabaki palepale, na mtu anayetunga uongo hakupi jina la mtu unayeweza kwenda kumuuliza baba yako alirudi nyumbani anasemaje siku ile.

Wataalamu wengi wanasema Marko aliandika kama miaka 40 hivi baada ya msalaba. Kwetu ni kama mtu leo aandike vita vya 1979 vilivyomtoa Amin, halafu aweke uongo, na wazee walioviona bado wapo wanasikiliza. Hawatamwacha hata dakika.

Ya Konstantino hayanisumbui, mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu aliouitisha yeye, ulikuwa 325 na kule Manchester kuna kipande cha Yohana 18, karatasi ya mafunjo kutoka Misri, ambacho wengi wanakihesabu cha karne ya 2.

Kinachonisumbua ni kaburini. Mathayo ana malaika mmoja, Luka ana watu wawili wenye nguo za kung'aa, hata majina ya wanawake hayalingani, na sitaki mtu aniambie hiyo si kitu. Lakini dada zangu watatu walikuwa chumba kimoja na mama usiku wa mwisho, mmoja anasema aliomba maji, mwingine anasema hakuongea kabisa, wa tatu anasema karibu na alfajiri aliimba kidogo. Nimewasikiliza wote nikilia na hakuna hata mmoja ninayemwona mwongo.

Na yule mzee wetu, kwani Mathayo 28:17 hajawahi kuisoma? Wale 11 wako mlimani, Yesu aliyefufuka yuko mbele yao, wanamsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka". Mathayo angeweza kuficha, hakuficha, na mimi namwamini kwa hilo. Yohana Mbatizaji akiwa gerezani alituma watu wamuulize Yesu kama kweli ndiye yeye, na hakuitwa shetani. Yule baba mwenye mtoto mgonjwa alilia "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mtoto akaponywa.

Juzi nilimpigia mpwa wangu nikamwomba msamaha kwa kunyamaza. Tumeanza Marko pamoja kwa simu, sura moja kila jioni, ila yeye ameshatangulia mpaka mwisho. Jana usiku akaniandikia, mjomba, 16:8 wanasema wale wanawake walikimbia hawakumwambia mtu neno kwa kuogopa, sasa sisi tumejuaje? Nimemwambia Jumapili aje, tutakaa chini ya mwembe wa bibi yake tuliongee hilo mpaka jioni.