Karani wa Mahakama Asichore Ramani Peke Yake

Naunga mkono kazi ya kuweka kwenye ramani nyumba, baa na makaburi yenye historia ya wapenzi wa jinsia moja. Uingereza walianza vizuri mwaka 2015: taasisi ya majengo ya kihistoria, Historic England, na Chuo Kikuu cha Leeds Beckett waliweka ramani mtandaoni, mwananchi yeyote akaruhusiwa kuongeza alama yake. Ninachogombana nacho ni vyanzo. Sehemu kubwa ya historia hii iliandikwa na makarani wa mahakama, na karani huona alichoitiwa tu.

Chukua Oscar Wilde, mwandishi aliyefungwa kwa mapenzi na wanaume. Ukifuata makaratasi ya kesi, alama utaiweka Hoteli ya Cadogan alikokamatwa Aprili 1895, nyingine gereza la Reading. Lakini mwaka 2016 Historic England iliingiza historia hii katika maelezo rasmi ya nyumba yake ya Tite Street, Chelsea, alikoishi na mkewe Constance na wanawe wawili. Nyumba yenye mke na watoto humkera anayetaka hadithi iliyonyooka. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo.

Wanawake ndio wanaoumbua ramani ya mahakama. Sheria ya Kiingereza ya ulawiti ya mwaka 1533, ile ambayo wajukuu wake bado wamo katika kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania, iliwawinda wanaume. Mwanamke aliyempenda mwanamke hakuacha faili. Tunaye Anne Lister wa Shibden Hall, Halifax, kwa kuwa aliandika shajara ya mamilioni ya maneno, mambo ya siri akiyafumba kwa herufi za Kigiriki na alama za hesabu. Mwishoni mwa karne ya 19 ndugu yake wa ukoo, John Lister, na rafiki yake walifumbua maandishi hayo. Rafiki alishauri yachomwe. John akagoma. Tunalo pia kaburi la Amelia Edwards, mwandishi na mpenzi wa mambo ya kale ya Misri, aliyezikwa Henbury, Bristol, kando ya mwenzake Ellen Braysher.

Sasa tatizo: Anne alikuwa na mashamba, Amelia alikuwa na jina. Muuza maziwa hakuandika shajara. Gabriel Lawrence, muuza maziwa wa London, tunamjua kwa kuwa alinyongwa Tyburn, uwanja wa kunyongea watu wa London, mwezi Mei 1726, pamoja na fundi wa makochi na mchambua sufu, baada ya nyumba ya Margaret Clap huko Holborn, walikokutania wanaume wapendao wanaume, kuvamiwa usiku wa Jumapili. Faili lilelile lililowaua ndilo lililotuachia majina yao. Kwa hiyo siwezi kusema tuyatupe makaratasi ya mahakama, ingawa mkono unawasha.

Ila tuyasome kwa jeuri. Shahidi katika kesi ya Margaret Clap mwenyewe alisimulia wanaume 40 au 50 wakicheza dansi, wakipigiana goti kama mabibi wa heshima, wakiigiza sauti za kike. Alikusudia kuwaaibisha, bila kutaka akatuandikia starehe ya watu wa kazi siku yao ya mapumziko. Hiyo ndiyo ningeanza nayo kwenye maelezo ya alama ya Holborn. Kitanzi kifuate chini.

Maneno yenyewe yana uzito. Mwaka 2018 kanisa la Holy Trinity, Goodramgate, mjini York, ambako Anne Lister na mpenzi wake Ann Walker walipokea sakramenti Pasaka ya 1834 kama wachumba wanaofunga ndoa, liliwekewa kibao kilichomwita Anne mtu asiyefuata kanuni za kijinsia. Watu walilalamika kwa maelfu, na 2019 kikaja kipya kinachomtaja waziwazi kuwa msagaji. Walalamikaji walikuwa na haki. Mwanamke aliyehesabu kila barua na kila busu hakustahili kuandikiwa kwa kuzungukazunguka.

Na hawa wote ni marehemu. Mahali ambapo sheria ile bado ina meno, alama ya mtu aliye hai isiwekwe bila yeye mwenyewe kuiomba.